Puma haikufika Gazala

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Rafiki yangu mwenye printa ya 3D amenitolea gari la deraya la Wajerumani, Puma, la resini, nicheze nalo mchezo wa vita wa mezani pamoja na figa zetu (vijisanamu vya askari) za milimita 28. Nimelipaka rangi ya mchanga, nikalichora na mnazi wa Afrika Korps, jeshi la Wajerumani la jangwani, ubavuni. Tulipopanga kucheza mapigano ya Gazala, Libya, ya 1942 mwenzangu akagoma. Anasema Puma haijawahi kukanyaga Afrika. Mimi nimesoma kwamba liliundwa kwa ajili ya jangwa. Tumewekeana kreti ya soda. Nani mkweli? Halafu kuna jingine: kila nikiliweka mezani linakufa raundi ya pili. Na mbona linaonekana kubwa kuliko vifaru vyangu? Nimelipima, lina sentimita 12 na nusu bila mtutu."

Marahaba, kijana. Kreti ni ya mwenzako, kamlipe. Lakini usimlipe kwa unyonge, kwa sababu ulichosoma nacho si uongo. Puma ni gari lililokusudiwa nchi za joto likachelewa kuzaliwa, na lilipotoka kiwandani Wajerumani hawakuwa tena na hata shibiri ya ardhi barani Afrika.

Habari ya joto ni hivi. Agosti 1940 jeshi la Ujerumani liliagiza gari jipya zito la upelelezi, la magurudumu 8. Walikuwa nalo tayari moja la namna hiyo, linalotengenezwa tangu 1936, ambalo sisi wachezaji tunaliita 8-Rad, yaani "magurudumu manane" kwa Kijerumani. Lilikuwa gari zuri, ila injini yake ilikuwa ya petroli, silinda 8, ya kupozwa kwa maji. Wewe ni mtu wa Morogoro, bila shaka umeshapanda Kitonga nyuma ya lori bovu saa saba mchana. Unajua rejeta inavyoishia: mvuke, utingo anaruka na kidumu, foleni inarudi hadi chini. Sasa peleka hayo mahali ambapo maji ya kidumu ndiyo hayohayo ya kunywa, na kisima kinachofuata kiko mikononi mwa adui.

Kwa hiyo agizo likataka injini isiyotumia maji kabisa. Kazi hiyo ikaenda kwa Tatra, kampuni ya Kicheki iliyokuwa imezoea injini za kupozwa kwa hewa tangu zamani. Wakatoa dume la dizeli, silinda 12, ujazo wa lita 14.8, nguvu ya farasi zaidi ya 200. Hakuna rejeta, hakuna mpira wa maji wa kupasuka, na dizeli haiwaki upesi kama petroli gari likipigwa. Matangi yalibeba lita 360, na umbali unaotajwa ni kama kilomita 900 barabarani, wakati 8-Rad lilikuwa likiishia kama 300. Bodi nayo wakaibadilisha. Badala ya kuketi juu ya chesisi, mabamba ya deraya yenyewe yaliunganishwa yakawa ndiyo uti wa mgongo wa gari. Na injini ile haikufa na vita: ya ukoo huohuo ilifungwa kwenye malori ya Tatra 111, yaliyoendelea kutengenezwa hadi 1962. Imebeba mizigo miaka mingi kuliko ilivyobeba askari.

Injini mpya na bodi mpya, mambo hayo hayaivi kwa siku moja. Mei 13, 1943 majeshi ya mwisho ya Wajerumani na Waitalia yalisalimu amri Tunisia. Puma za kwanza zikatoka Septemba mwaka huohuo. Miezi minne! Gari lililopikwa kwa ajili ya jangwa likaenda kuliwa kwenye matope ya mashariki mwa Ulaya na kwenye vichochoro vya Normandi, Ufaransa. Gazala, kumbuka, ilianza Mei 26, 1942. Mwenzako angeweza kukubana hata bila kitabu, kwa kalenda tu.

Kingine ambacho wengi hawakijui ni uchache wake. Puma halisi, yaani Sd.Kfz. 234/2 (ndiyo namba yake ya kijeshi) yenye mzinga wa milimita 50 ndani ya tureti, kibanda cha mzinga kinachozunguka, iliyofunikwa, zilitengenezwa 101 tu hadi Septemba 1944, basi. Kombania moja ya upelelezi ilipangiwa 25, kwa hiyo hesabu yake ni kombania nne na gari moja la kubakia. Ndugu zake wa bodi ileile waliendelea na silaha nyingine: mmoja na mzinga mdogo wa milimita 20, mwingine na mzinga mfupi wa milimita 75, na wa mwisho akapachikwa mzinga mrefu wa kuvunja vifaru, hana hata paa. Lakini kwenye meza zetu utadhani Puma zilikuwa kama bodaboda. Mimi peke yangu nimepakia watu rangi Puma tisa, na katika hao tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea yule wa milimita 20. Sababu naijua: Puma ina sura. Pua imechongoka, tureti imeinama kama kichwa cha mamba, mtutu una kifundo mbele. Mtu akiona picha moja tu amekwisha.

Basi Gazala upeleke nini? Peleka 8-Rad. Hilo ndilo gari zito la deraya la Wajerumani wa jangwani. Kikosi cha 3 cha Upelelezi kilishuka bandari ya Tripoli Februari 14, 1941, miongoni mwa askari wa mwanzo kabisa wa Rommel, jenerali wa Wajerumani wa jangwani, na mwezi huohuo karibu na El Agheila magari yao yakakutana na ya Waingereza wa King's Dragoon Guards, waliokuwa ndani ya Marmon-Herrington.

Hilo la mwisho lishike vizuri, maana ndilo gari ambalo mwenzako anapaswa kukuletea, na ndilo linalotugusa na sisi. Marmon-Herrington liliundwa Afrika Kusini juu ya chesisi ya lori la Ford, likafungwa vifaa vya kuendesha magurudumu yote manne kutoka kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis, ndiyo asili ya jina. Waafrika Kusini walikuja nayo Kenya, wakayapitisha kwenye kampeni ya Somalia na Ethiopia ya 1940 na 1941, kabla ya kuhamia Misri na Libya. Kwa hiyo ukitaka kucheza vita vya magari ya deraya vilivyopita kwetu, gari unalo, halina haja ya kusingiziwa mnazi. Silaha yake ilikuwa duni: bunduki nzito ya Boys ya kutobolea deraya na rashasha. Askari wenyewe waliona haitoshi, wakawa wanang'oa mizinga ya Waitalia na Wajerumani waliyoiteka, Breda ya milimita 20 kwa mfano, wanaipachika juu. Mwambie mwenzako amtafute Marmon-Herrington mwenye Breda. Hapo mtacheza sawa kwa sawa, maana 8-Rad nalo lina mzinga wa milimita 20.

Waingereza nao baadaye walikuwa na gari zito kweli, AEC, tani 11, lililotengenezwa kwa vyombo vya lori la kukokotea mizinga la Matador na kuvishwa tureti ya kifaru cha Valentine. Akikuletea hilo Gazala, mgomee kama alivyokugomea. Lilifika jangwani mwishoni mwishoni.

Nije kwenye kutengeneza, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Kwanza, hakikisha faili utakayompa rafiki yako ni ya 8-Rad kweli na siyo ya 234 iliyoandikwa vibaya. Tazama madigadi. Ya 8-Rad yamekatika katikati: jozi ya magurudumu ya mbele ina yake, ya nyuma ina yake. Ya Puma ni bamba moja refu linalokwenda toka mbele mpaka nyuma, na ndani yake mmejengwa masanduku ya vifaa. Halafu tazama pua. Magari mengi ya 8-Rad ya jangwani yalifungwa bamba la ziada la chuma mbele, limesogezwa mbali kidogo na bodi ili risasi igonge hapo kwanza. Kati ya bamba na pua pakabaki uwazi, na askari ni askari, wakaugeuza kuwa stoo: madumu, blanketi, sufuria. Ukiweka madumu matatu ya petroli pale, gari lako litapata uhai kuliko ukilipaka matabaka kumi ya kivuli.

Pili, kuna 8-Rad la namba 231 na la namba 232. Ni gari moja. Tofauti ni redio ya upepo. 232 lilikuwa na redio ya masafa marefu, kwa hiyo juu lilibeba antena kubwa ya fremu. Imekaa kama chaga za kitanda zilizohamishwa na nyumba. Kuanzia 1942 fremu hizo zilianza kubadilishwa na antena ya fimbo yenye matawi juu kama mwavuli uliopeperushwa nguo, lakini kwa Gazala fremu haina ubishi, na mimi naipenda. Ila ina mtego mmoja. Fremu ile inashikiliwa nyuma na miguu miwili iliyo kwenye bodi, na mbele imeegemea juu ya tureti kwa kiungo kinachozunguka, ili tureti igeuke chini yake bila kuivunja. Ukigandisha fremu kwenye tureti na kwenye bodi kwa gundi, tureti yako haigeuki tena maisha. Wa kwanza wangu nilimfanya hivyo. Nilimcheza miezi minane akitazama mbele tu kama farasi wa mkokoteni, mpaka jamaa mmoja akaniuliza kama dereva ndiye anayelenga shabaha.

Dawa yake: fremu iguse tureti kwa pini tu. Toboa tundu juu ya kiungo kwa sindano iliyopashwa moto au drili ndogo ya mkono, chomeka kipande cha waya, usitie gundi. Na usiichape fremu kwa resini. Ile ya resini nyembamba hivyo itakatika siku ya kwanza kwenye mfuko. Mimi natumia waya wa shaba wa mota ya feni iliyoungua. Mafundi wa feni watakupa bure ukiomba kwa adabu. Unyooshe kwa kuuvingirisha kati ya vipande viwili vya mbao, ukunje kwa koleo juu ya mchoro uliochapwa kwa kipimo chako, uunge kona kwa tone la supagluu. Ukiinama, unaunyoosha kwa vidole mchezo unaendelea.

Rangi. Magari ya mwanzo yaliyoshuka Tripoli yalikuwa ya kijivu kilichoiva, ile rangi ya Ulaya, na askari wakayapaka matope na mchanga kwa haraka. Baadaye yakapakwa rangi za jangwani: za 1941 ni kahawia ya manjano yenye mabaka ya kijivu cha kijani, na Machi 1942 zikatolewa nyingine, nyepesi kidogo. Kwa gari la Gazala ruhusa unayo ya kuchanganya: rangi ya mchanga iliyochakaa, na pembeni mwa vifuniko, kwenye vipandio na kwenye kingo za madigadi kijivu kinachungulia pale buti zilipokwangua. Chukua kipande cha sponji cha kuoshea vyombo, kichovye kwenye kijivu, kifute kwenye karatasi mpaka kionekane kama kimekauka, ndipo uguse kingo. Gusa, usipake. Ukimaliza ukaona hukufanya kitu, umefanya vizuri.

Na kama uko huko Morogoro wakati wa masika, usipulize rangi ya kopo asubuhi wala baada ya mvua. Unyevunyevu ukiwa mwingi unanaswa kwenye rangi inapokauka, inabaki na ukungu mweupe. Niliharibu magari matatu ya mtu Tanga kwa haraka hiyo, na hayakuwa yangu, ikabidi niyasugue kwa msasa wa maji usiku kucha. Subiri mchana pakauke, simama kivulini, shika kopo umbali wa sentimita 25 hivi, pitisha mara nyingi nyepesinyepesi.

Sasa Puma yako. Usiiuze, wala usiipeleke kwenye mafuta ya breki kuitoa rangi. Resini nyingine inalainika humo ukabaki na uji. Bahati yako ni kwamba umekosea kwa rangi iliyo karibu na sahihi. Kuanzia Februari 1943 magari ya Wajerumani yalitoka kiwandani yakiwa ya manjano iliyoiva, RAL 7028 kwenye orodha ya rangi ya Kijerumani, na juu yake askari wakaongeza mabaka ya kijani cha zeituni na kahawia nyekundu. Puma zote zimetengenezwa baada ya tarehe hiyo, kwa hiyo hakuna Puma ya kijivu ya kiwandani, nawaambia na wale wanaopenda kijivu. Rangi za mabaka zilikuja zikiwa kama mkorogo mzito ndani ya makopo. Kila kikosi kiliuzimua chenyewe, kwa petroli au hata kwa maji, kikapuliza au kikapaka kwa chochote kilichopo. Ndiyo maana hakuna magari mawili yaliyofanana, na mwenzako hawezi kukwambia baka lako limekosewa.

Fanya hivi: zimua rangi ya manjano iliyoiva, ipitishe juu ya mchanga wako safu moja nyembamba. Funika ule mnazi. Kwenye alama halisi ndani ya mnazi huwa kuna msalaba wa Kinazi, na mimi huo siuchori kwenye gari la mtu yeyote, alipe asilipe. Kwa Puma tumepona, kwa sababu mnazi hautakiwi kabisa. Kisha mabaka ya kijani na kahawia nyekundu, kingo zake zikungike kidogo. Tope la chini liwe la kahawia ya shamba, si vumbi jeupe la jangwani. Umepata Puma ya Normandi, 1944, ya divisheni ya Panzer Lehr au ya Pili ya Panzer, na mwenzako akileta Sherman, kifaru cha Wamarekani, hana pa kukugomea.

Swali la kufa mapema. Chukua simu yako, igeuze uitazame kwa ubavu. Unene huo, milimita 8 hivi, ndio deraya ya ubavu wa Puma. Mbele ni milimita 30, si haba, lakini ubavuni rashasha nzito ya .50 iliyopachikwa juu ya Sherman inaingia kama msumari kwenye boksi. Wewe unaona mzinga wa milimita 50 unadhani umepewa kifaru. Umepewa macho yenye magurudumu. Kazi ya gari hili ilikuwa kuona, kutoa taarifa kwa redio, na kuondoka kabla halijajibiwa.

Ndiyo maana ndani wako watu wanne na wawili kati yao ni madereva. Kamanda, mpiga mzinga, dereva wa mbele, na nyuma amekaa mpiga redio ambaye ana usukani wake na anatazama upande wa pili. Magurudumu yote 8 yanaendesha na yote 8 yanakata kona. Gia ni 6 kwenda mbele na 6 kwenda nyuma. Yaani gari hili halipigi rivasi kama sisi tunavyoijua, mtu katoa shingo dirishani na konda anapiga bodi "njoo, njoo". Linaondoka kinyumenyume kwa kasi ileile liliyokuja nayo, na pua yenye milimita 30 bado imemtazama adui.

Angalia kwenye kanuni mnazotumia. Michezo mingi ya figa za milimita 28 hulipa gari la upelelezi haki ya kukimbia linapolengwa, na mara nyingi magari ya madereva wawili yana ruhusa ya kurudi nyuma kwa mwendo kamili. Nahisi wewe huzitumii haki hizo. Nahisi pia raundi ya kwanza unalitoa kwa kasi barabarani, linasimama katikati ya meza, linapiga risasi moja, linakosa, na raundi ya pili linaonyeshwa dunia. Nimekosea?

Jaribu hivi. Raundi ya kwanza lifiche nyuma ya ukuta au nyumba, tureti tu ichungulie kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Lipe amri ya kuvizia. Usimtafute Sherman uso kwa uso, mzinga wako hauna kazi ya maana hapo. Subiri akupe ubavu, ambao una milimita 38, hapo milimita 50 inakula vizuri. Ukisharusha, umepata usipate, ondoka. Tumia raundi inayofuata kwenda kuchungulia kona nyingine. Adui akianza kupoteza raundi zake kwa kuwaza utatokea wapi, gari limeshalipa bei yake hata kama halijaua mtu. Na usiliache peke yake mbali na askari wa miguu. Mtoto mmoja mwenye bazuka nyuma ya ua na hadithi imekwisha.

Kwa 8-Rad ni hivyohivyo, ila kwa woga zaidi. Mzinga wa milimita 20 ni wa kufukuza magari wenzake, malori na askari waliolala mchangani. Ukiona kifaru chochote cha Mwingereza, hata kile unachokidharau, kazi yako ni kumwita mtu mwingine. Jangwani hakuna ukuta, kwa hiyo mkipanga meza wekeni vilima vifupi na mikunjo ya mchanga ya kutosha, vinginevyo magari yote ya deraya yatakuwa yanauawa kama kuku uwanjani na mtasema mchezo mbovu.

Imebaki habari ya ukubwa, na hii ni hesabu ya darasa la tano. Bodi ya Puma halisi ina urefu wa mita 6 hivi. Sentimita 600 gawanya kwa 12 na nusu unapata 48. Rafiki yako amekuchapia skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko gari halisi, ambayo wengi wanaitumia na figa zao bila kukosa usingizi, lakini vifaru vyako bila shaka ni 1/56, ndiyo maana Puma inawapita kama baba mdogo kwenye picha ya watoto. Kwa 1/56 ilitakiwa iwe sentimita 10 na pointi 7. Akichapa tena, aiweke asilimia 86 ya faili ileile. Akikupa 8-Rad, bodi halisi ni mita 5 na sentimita 85, kwa hiyo lipime likitoka: linatakiwa kugusa sentimita 10 na nusu, pungufu kidogo. 

Mtutu ukitoka umepinda, na kwa joto lenu utapinda, uchovye kwenye maji ya moto nusu dakika, unyooshe kwa vidole, uuzamishe kwenye maji ya baridi. Gundi ya plastiki haishiki resini, tumia supagluu. Akishakuchapia ya kipimo sahihi, rangi ile niliyokueleza ipake hiyo mpya, na hiyo Puma kubwa uliyonayo usiitupe. Ing'oe tureti, ichome kidogo kwa mshumaa upande mmoja, ipake kutu na masizi, iweke kando ya barabara ya Normandi iwe gari lililokufa, askari wajikinge nyuma yake. Mezani hakuna atakayepima skeli ya mzoga.

Kreti ipeleke kabla hamjaanza kurusha dadu. Mkishaanza kubishana nani alimwona nani, hamtaikumbuka.